Montre ya muzee Harelimana

Moïse, nimefanya aibu. Aibu kubwa!

Unamujua muzee Harelimana wa mutaa wa Murara, mwenye montre kubwa ya piloti, anayoivaa mukononi? Aliipata akirusha ndege za Kivu-Étoile, kampuni iliyokufa zamani. Leo, pale tunapobishania politike kila siku, nimeona montre yake iko nyuma saa moja.

Hasira ikanipanda. 2002, siku ya volkano, niliona kwa macho yangu ndege yao ikipaa na kutuacha na moto. Mimi sisahau.

Nikapaza sauti: "Mumuone huyu! Alitukimbia, na mupaka leo anaishi kwa saa ya Kinshasa!"

Watu wakacheka. Moïse, walicheka sana.

Muzee akajibu polepole: "Ni kweli, mutoto yangu. Nilitua Kinshasa na watoto makumi mbili na tatu wa Murara. Nikarudisha mushale wa montre nyuma pale pale, kwa saa ya kule. Kisha wakaniambia muke wangu alibakia chini ya lava. Ule mushale sijaugusa tena."



Na wewe uliniambia! Ndani ya ile ndege, piloti alikuwekea montre kwenye sikio, ukaacha kulia. Uliniambia mara ngapi? Jina lake tu ndilo hukulijua.

Akaniuliza: "Wale watoto, unajua hata mumoja?"

Nilikujua wewe. Nikanyamaza. Mimi na kinywa hiki chote, nikanyamaza!

Kesho asubuhi twende kwake. Wewe utatangulia kuingia. Mimi nitasimama mulangoni mupaka aniite.