Siku Mama Aliponyoa Nywele Zake

Mjukuu wangu Chebet,

Hapa Ainabkoi tuko salama, na yule ng'ombe wako amezaa. Umeniuliza kama niliogopa kupasuliwa kichwa, kwa vile daktari amekukuta na mishipa ya damu iliyosokotana kwenye ubongo, kama yangu ya ujanani.

Niliogopa sana. Waliponinyoa hospitalini nililia, basi Mama akarudi nyumbani akanyoa nywele zake pia, nisiwe peke yangu. Lakini kwetu mama akinyoa, amefiwa. Majirani walikuja na maziwa kumpa pole, wakaambiwa niko wodini nakunywa uji. Maziwa hayo waliniletea mimi.

Niambie siku yako ya upasuaji. Wembe nimeshanunua, na majirani wakija nitawapikia chai.

Nyanya yako