Maji ya Mfuko

Adelphi, Marekani, 9 Juni 2024

Mwanangu Ghati,
Wazima huko Musoma? Mimi mzima, mgongo tu. Nimepata kazi maabara, Beltsville. Samaki waitwao trauti wa baharini wanaletwa kutoka kaskazini, wamevuliwa karibu na vizimba vya samaki, kila mmoja ndani ya mfuko wake. Wanataka kujua chawa wa samaki wa vizimbani wanawahamia kiasi gani hawa wasiofugwa. Mimi nafungua mfuko, namwaga maji machafu, nasuuza samaki, nampa Violet ahesabu chawa. Ni Mkenya, ananiita mzee wa usafi. Marehemu mama yako hakuwahi kumpa mtu samaki mchafu. Na mimi simpi.
Baba yako, Wambura

Musoma, 21 Juni

Shikamoo baba,
Sisi wazima, watoto wanakusalimia. Pole na mgongo. Sasa wote tuko kwenye samaki. Ila baba, hayo maji ya mfuko mnayahesabu? Hapa vizimbani kwetu samaki akishakufa wadudu wanamwachia, wanabaki kwenye maji. Tunayachuja, tunahesabu na hao. Muulize Violet.
Mwanao, Ghati

Musoma, 30 Agosti

Shikamoo baba,
Uko salama? Hujibu, na simu hupokei. Kama ni mgongo, sema. Kama ni yale maji, nisamehe. Sikutaka kukufundisha kazi.
Mwanao, Ghati

Adelphi, 12 Oktoba

Mwanangu Ghati,
Marahaba. Mgongo haujambo. Ni yale maji.

Ulivyoniambia, sikumuuliza Violet. Niliacha kumwaga, basi, nikawa nampa samaki na maji yake, bila kumwambia kwamba mwanzo nilikuwa nayamwaga. Chawa wakawa wengi ghafla. Na ripoti ya kwanza ilishaenda, imeandikwa trauti wako salama. Bosi akasema Violet alikuwa hahesabu, anajiandikia tu. Akatuita wote wawili.

Violet akaniambia, "Mzee, si unaniona kila siku nikihesabu?"

Nikasema mimi nafungua mifuko tu.

Wakamfaya kazi Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Akaniachia glavu zake, maana zangu zilikuwa zimetoboka. Nimezivaa wiki tisa. Ningekuandikia nini, na wewe ndiye uliyeniambia?

Jumatatu nilimwambia bosi yote. Akauliza kwa nini nilikuwa nasuuza. Mama yako sikutaka kumtaja pale, kosa ni langu. Ripoti inaandikwa upya, Violet atapigiwa simu arudi. Mimi nimeambiwa nisirudi.

Jana nilienda kwake Takoma Park. Alifungua mlango kidogo. Salamu hakuitikia. Nikampa glavu zake. Akauliza kama nimeziosha. Nikasema nimeosha. Akafunga.

Watoto wakiuliza mbona babu yuko nyumbani, sema mgongo.

Baba yako