Magauni Yamefungiwa kwenye Simu ya Bosi

Jumatatu, 3 Machi

Daftari langu, niwie radhi. Tangu mwanangu aanze kuota meno, mkono wa kuandika ndio huohuo wa kumbembeleza. Leo nakushika kwa hasira.

Kazi yangu ni kuwatafutia wanaoanza biashara programu zinazowafaa. Bi Shela, anayekodisha magauni ya harusi, nilikaa naye dukani mpaka nikaijua kazi yake. Bosi alitaka apewe ule mfumo mkubwa — wa viwanda! Nikakataa. Nikampatia programu nyepesi: gauni, bibi harusi, tarehe. Akaipenda. Karatasi zake zote akachana, eti mambo ya kizamani.

Leo programu imemfungia nje. Inadai namba ya kuthibitisha, na namba inakwenda kwenye simu ya Bosi. Kumbe akaunti za wateja wetu kazifungua kwa jina lake, ili ripoti zake zinone kwa idadi ya wateja. Naye yuko safarini.

Jumanne, 4 Machi

Napiga, hapokei. Baadaye kaandika: yuko mkutanoni anaeleza tunavyowainua wajasiriamali, nisimpe presha. Presha!

Bi Shela kaja ofisini. Hakupiga kelele — bora angepiga.

"Mwanangu, Jumamosi nina maharusi. Gauni lipi la nani? Nimuulize nani, mashine?"

Nikamwambia, mama, nalishughulikia. Mtoto mgongoni kwangu alikuwa analia. Bi Shela akamtoa, akamwimbia, macho yake mwenyewe yamejaa machozi. Hapo ndipo nilipoumia.

Jumatano, 5 Machi

Bosi katuma namba. Imeshakwisha muda. Akaongeza: basi Bi Shela ahamie ule mfumo mkubwa, hauna usumbufu.

Mimi na Bi Shela tumewapigia maharusi anaowakumbuka. Wawili wanadai gauni moja, lile la mkia mrefu. Mmoja kasema, "Bi Shela, ukinivua nguo siku yangu, mji mzima utakujua." Duka halijatimiza hata mwaka.

Nimemwandikia Bosi tena. Sitaki pole, sitaki picha za mkutano. Anitumie: namba mpya, akiwa na simu mkononi nami niko kwenye kompyuta. Idhini ya kuihamishia akaunti kwenye simu ya Bi Shela mwenyewe. Nakala ya oda zote za Jumamosi. Na majina ya wateja wengine wote aliowafungulia hivyohivyo.