Gauni Lenye Uzi Mwekundu

Mama,

Jumamosi iliyopita tulikuondolea kilio. Mwaka wa nyeusi umekwisha. Nilivaa kitenge cha kijani, kile ulichosema kinaninenepesha, na kweli kinaninenepesha. Watu walikula, walicheza, na wengine walikusifu kwa mambo ambayo hukuwahi kuyafanya. Yote yalikwenda vizuri isipokuwa jambo moja, na hilo ndilo lililonikalisha hapa nikuandikie, maana najua ungetaka kulisikia lote.

Unakumbuka mjukuu wako alivyoanza mambo yake ya Gothiki. Neema aliingia chuo pale Braamfontein kusoma sanaa, akaturudia amevaa nyeusi tangu kichwani hadi viatuni, hata midomo ameipaka nyeusi. Siku moja akawaleta na wenzake kwenye karakana yetu ya ushonaji, Doornfontein, wote wa namna hiyo hiyo. Ukawatazama juu ya miwani, ukaniuliza polepole, "Hawa batoto banalilia nani?" Neema akakusikia. "Eish, Koko, hakuna mtu amekufa. Ni staili tu."

Wewe hukuwa mtu wa kuambiwa ni staili tu ukanyamaza. Ulitaka kujua staili ya nani, imetoka wapi. Basi mtoto akafungua simu, akaanza na makanisa ya kale ya Ulaya, marefu, madirisha yake yamechongoka juu. Akaja kwenye hadithi za majumba ya zamani, yenye vyumba vilivyofungwa na marehemu wasiotaka kuondoka. Halafu zile herufi zenye miiba ambazo vijana wanajichora mikononi, halafu muziki wa magitaa, halafu ndiyo nguo. Ukatikisa kichwa. Kanisa na mzimu vinalalaje kitanda kimoja? Neema akaeleza kwamba watu wa baadaye waliyakuta makanisa yale yamechakaa, yakawatia hofu, na ile hofu wakaipenda. Ukamjibu kwamba hofu ya kanisani unaijua tangu utoto, hiyo hahitaji kukufundisha.

Kisha ukamshika mkono asipitishe picha moja. Lile dirisha ulilijua. Ulisema ni sawa na la kanisa la mapadri kule Bukavu, lile la matofali, ulikofungia ndoa. Ukalikuza kwa vidole, ukaliangalia mpaka chai yako ikapoa.

Ndipo ukamkatia lile gauni la mahameli nyeusi. Mgongoni ukalitoboa kwa umbo la lile dirisha, ukalijaza lesi, na pindo ukalimaliza kwa mkono, kwa uzi mwekundu upande wa ndani, kama ulivyomaliza nguo zetu zote. "Nguo ijue kwabo," ulizoea kusema. Hukushona nyingine baada ya hiyo.

Mama Zawadi, rafiki yako na mkubwa wa akina mama wa kanisani, hakulipenda hata kidogo. Alisema mtoto anavaa shetani. Lakini ulipofariki sote tukaingia kwenye nyeusi, na kwa mara ya kwanza Neema akafanana nasi. Watu wakaanza kumsifu, eti huyu anamlilia bibi yake sawasawa, hata kucha kazipaka nyeusi! Mimi sikumsahihisha mtu. Neema alicheka mpaka akajishika mbavu, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu tukuzike.

Sasa sikia. Asubuhi ya kuondoa kilio, akina mama walipita nyumbani kukusanya nguo za msiba wakazichome uani kwa kanisa, kama desturi. Mimi nilikuwa karakanani napiga pasi vitenge, Neema alikuwa chuoni anamalizia kazi yake, ingawa ni Jumamosi. Wakafungua makabati, wakabeba nyeusi zangu, na za Neema zote. Siwalaumu. Nyumba ni ya msiba, nguo ni nyeusi, nani angewaambia kwamba nyingine ni za Gothiki? Neema aliporudi akakuta hanga tupu. Akanipigia simu, yakatoka maneno matatu tu: "Gauni ya Koko."

Tulikimbia hadi kwenye ukumbi wa kanisa. Nyuma, uani, pipa lilikuwa linafuka moshi. Niliona vifungo vya chuma vya mikanda ya Neema ndani ya majivu. Neema alisimama akatazama bila kulia. Mimi ndiye niliyelia, Mama. Nimekulilia mwaka mzima, lakini pale uani ilikuwa siku ya kwanza tena.

Mama Zawadi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta. Gauni lilikuwa mapajani mwake, limegeuzwa ndani nje. Alikuwa ameshaliinua alitupe motoni, akaona uzi mwekundu. Alisema bila kumtazama Neema, "Nimeshindwa kuchoma mukono ya dada yangu." Halafu akaligeuza, akapitisha kidole kwenye lesi, taratibu, kuanzia chini hadi pale juu panapochongoka. "Hii dirisha, si ya kule kwetu?"

Neema akaitikia kwa kichwa.

Kwenye kuondoa kilio hatuvai nyeusi, unajua. Ila mtoto hakuwa na nguo nyingine duniani, ukiacha suruali nyeusi aliyokwenda nayo chuoni. Mama Zawadi akamvisha lile gauni, akamfunga vifungo yeye mwenyewe, akavua kitenge chake cha njano alichojitanda, akamfunga kiunoni, akawaambia wazee mwenye neno amwambie yeye. Neema alicheza mpaka mwisho, na kila alipogeuka niliona lile dirisha lako.

Tangu juzi amekaa kwenye cherehani yako, anajishonea upya zilizoungua. Ndiyo, nyeusi. Mimi nimevua, yeye ameendelea, na nimeacha kumuuliza ataacha lini. Anashona vibaya, pindo linakwenda kama barabara ya Bukavu. Uzi wako mwekundu ulikwisha, nikanunua mwingine, rangi haifanani sana. Nakuahidi nitamkalisha hapo mpaka pindo linyooke, na hakuna nguo itakayotoka nyumba hii bila uzi huo.

Basi pumzika, Mama. Nguo zetu zinajua kwao.

Binti yako