Inawaka, Haionyeshi

12 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama na kwamba lile goti limepata nafuu. Sisi hatujambo. Mama anakula, anaoga, ananitukana kidogo asubuhi. Kwa hiyo ni mzima.

Najua umekaa mbele ya kompyuta yako Jumapili mbili mfululizo ukitungoja, na hukutuona. Kukupigia hakuna maana, kwa sababu masikio yako na ya Mama yalinunuliwa duka moja, na kisimu changu hakibebi maneno mengi. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu.

Kompyuta imeharibika. Au tuseme haijaharibika, na hicho ndicho kinachoniudhi. Nikibonyeza, inawaka. Taa ya kijani ile pale, feni inazunguka, sipiyu inavuma chini ya meza kuliko cherehani yangu. Lakini skrini ni nyeusi tii. Hakuna picha, hakuna maandishi, hakuna kitu.

Mama nilimvika kile kilemba chake cha njano nikamkalisha kama kawaida. Akangoja. Kisha akaniuliza, "Leo hataki kutuona?" Nikamwandikia kwenye ubao wake kwamba kompyuta inaumwa. Akasoma, akasema, "Basi ipe dawa," akaendelea kungoja.

Kaka, unakumbuka daktari alivyosema: asiyemwona kila wiki atamtoka kichwani. Mwezi uliopita amemsahau mama wa duka la pembeni, aliyemuuzia sabuni tangu mimi nikiwa msichana. Nifanye nini? Mimi ninachojua ni kushona.

Mdogo wako

5 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti ni lile lile. Nimefurahi kuona mwandiko wako, maana nilikuwa nimeshawazika nyote wawili kichwani mwangu. Mtu aliyekaa mbali muda mrefu huzika watu wake kila posta inapochelewa.

Unajua mimi ni mtu wa vitabu. Kazi yangu yote huku imekuwa kugundisha majalada yaliyochanika ya maktaba. Kompyuta naijua kwa kuiwasha tu. Kwa hiyo nimekwenda kwa mzee anayetengeneza vitu vya umeme chini ya jengo letu. Tunamwita Miwani, kwa kuwa huvaa miwani miwili kwa pamoja, mmoja juu ya mwingine. Anasema kompyuta inayowaka bila kuonyesha kitu ina sababu chache, na mtu aanze na ile ya kipumbavu kuliko zote.

Tazama kwanza kama skrini yenyewe inapata umeme. Ina taa yake ndogo pembeni. Kisha chomoa kebo inayounganisha skrini na sipiyu, ipulize, ichomeke tena mpaka mwisho, uikaze. Ikikataa, azima skrini ya mtu ujaribu. Hiyo nayo ikiwa nyeusi, basi ugonjwa uko ndani ya sipiyu. Chomoa umeme, fungua ubavu kwa bisibisi, utoe kipande cha memori, chembamba kama rula fupi. Yasugue meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, ukirudishe mpaka kiseme "ta". Halafu uwashe usikilize, kwa sababu Miwani anasema kompyuta mgonjwa hulia. Sikiliza wewe. Sisi wengine kazi hiyo tumeshastaafu.

Fanya upesi. Hati za kunirudisha huko hazipo na hazitakuwapo. Wakili wa mwisho aliniomba nisirudi kumuuliza. Mama akinisahau, sina mlango nitakaobisha nimkumbushe.

Kaka yako

30 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hali zetu ni nzuri, isipokuwa mimi nimejikata kidole na ubavu wa sipiyu yako. Ndani nimekuta vumbi la nyuzi linalotosha kujaza mto.

Nimefanya yote. Skrini yetu ina umeme. Kebo nimeikaza mpaka meza ikasogea. Nimeazima skrini kwa karani wa shule, nayo nyeusi. Kipande cha memori nimekisugua kikang'aa. Nikawasha, na ni kweli, inalia: mlio mmoja mrefu, halafu miwili mifupi. Kumbe wiki zote hizi ilikuwa inalalamika nami nadhani ni simu ya jirani.

Nilimwita pia fundi wa hapa, yule tunayemwita Kesho kwa sababu hiyo ndiyo siku yake ya kazi. Alikuja, akainamisha kichwa kama mtu aliyefika msibani, akasema, "Dada, hii imeshakwenda. Tafuta nyingine." Nikamwambia, "Imekwenda wapi na feni inazunguka?" Akasema nimwachie mpaka kesho. Nikamtoa.

Mama juzi aliuliza kama una ndevu. Jumapili zote hizo amekuona na ndevu zako.

Mdogo wako

21 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa kidole. Nilipomwonyesha Miwani ule mstari wa mlio mrefu na mifupi, alianza kutikisa kichwa kabla hajamaliza kusoma. Ni kadi ya picha. Ndiyo inayoipa skrini cha kuonyesha. Ikifa, mengine yote huendelea kufanya kazi gizani.

Ana kompyuta nyingi zilizokufa rafuni, na mojawapo ilikuwa na kadi inayofanana na yenu. Ameijaribu mbele yangu na picha ikatoka. Nimeifunga ndani ya soksi ya sufu nikampa muuguzi wa zahanati ya mtaa wetu, anayesafiri kuja huko kwa dada yake. Ikifika, toa ile ya zamani: kuna kijino cha plastiki nyuma yake, kibonyeze kwanza, usivute kwa nguvu. Sukuma mpya mahali pale pale, ukaze skrubu yake, basi.

Ndevu sikuzipunguza hata unywele mmoja, nisije nikamchanganya. Kila Jumapili ninavaa sweta lile lile la bluu na kukaa mbele ya kompyuta. Nakaa tu. Siku mkiwasha, nataka awe ni mimi anayemjua.

Kaka yako

25 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Muuguzi amesharudi. Anasema kadi alikukabidhi mkononi mwezi uliopita, ukamshukuru, ukamtilia maji ya kunywa. Tangu hapo sina habari.

Niandikie hata mstari mmoja. Ikiwa Mama amefariki, sema amefariki. Mimi si mtoto.

Kaka yako

14 Julai

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe. Mama hajafa. Kadi iko kwenye droo ya cherehani, ndani ya soksi yake. Sijaifunga kwenye kompyuta, na sababu yake nimeanza kuiandika mara nyingi nikachana karatasi.

Mama anapenda ile taa ya kijani, kwa hiyo nilikuwa naiwasha kompyuta hivyo hivyo ili akae atulie. Alasiri moja nikiwa napiga pasi nikamsikia anasema, "Umekonda." Nikageuka. Alikuwa anaongea na skrini. Akainua mkono, kama mlivyokuwa mkifanya Jumapili, na kwenye kioo cheusi mkono ukainuka. Akatikisa kichwa, nacho cha kwenye kioo kikatikisika. Unajua ulivyomchukua Mama sura nzima, paji, pua, mpaka hicho kidevu kilichokupa jina. Alikuwa anajiona mwenyewe, kaka, na alikuwa anakuona wewe. Akaniambia kwa furaha, "Leo picha ina giza, lakini anajibu upesi." Maana zamani mtandao ulikuwa mzito, alikuwa anashusha mkono ndipo wako unapanda.

Sasa anakaa hapo kila siku. Anakula vizuri. "Kidevu, umekula?" anakuuliza, na anasubiri, na anaridhika. Anakueleza mambo ya Baba ambayo mimi hajanieleza maisha yangu yote. Siku moja aliusogeza uso wake karibu na kioo akasema, "Heri umezinyoa hizo ndevu. Zilikuwa zinakuzeesha."

Nikifunga kadi, huyo atatoka uje wewe. Sijui kama nitakuwa nimemponya au nimemwibia. Nakuachia uamuzi, kwa sababu mimi umenishinda.

Mdogo wako

3 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Funga kadi.

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaenda kutembea na goti hili mpaka mwisho wa barabara, nikarudi, na jibu likawa lile lile. Mimi ndiye mwanawe. Nimeondoka hapo nikiwa kijana, na tangu hapo kwake nimekuwa sauti, kisha barua, kisha picha inayochelewa. Nimekubali kuwa picha. Lakini angalau iwe picha yangu.

Usinifikirie mkali. Fikiria wewe umeshona nguo maisha yako yote kwa ajili ya mtu mmoja, halafu unaambiwa anaonekana vizuri zaidi bila nguo yako.

Ndevu nimenyoa. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu nitakaa tangu asubuhi.

Kaka yako

2 Septemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Najua kwa sasa una furaha, na naiandika barua hii kwa mkono mzito. Uliona, lakini hukusikia. Inanibidi nikuandikie aliyoyasema.

Kadi ilikubali mara ya kwanza. Mlio mmoja mfupi, na skrini ikawaka, na baada ya muda ukatokea wewe, umenyoa, na sweta la bluu. Mimi nililia. Mama alikutazama kwa utulivu. Akaniuliza, "Huyu mzee ni nani?" Nikaandika ubaoni: NI KIDEVU. Akasoma akacheka. "Kidevu namjua," akasema. Akainama akachungulia nyuma ya skrini. Kisha akakugeukia kwa adabu, kama anavyoongea na wageni: "Baba, samahani. Umekaa mahali pa mwanangu. Alikuwa hapa sasa hivi."

Ulipomwona anakupungia mkono, kaka, nawe ukapunga kwa mikono yote miwili, hakuwa anakusalimu. Alikuwa anakuomba usogee.

Alipunga muda mrefu kwa sababu nawe ulipunga muda mrefu. Akaona humsikilizi. Mwishowe akaniambia nimwite mwanamume wa kukutoa.

Tangu siku ile anaketi karibu na mlango. Chakula anaonja tu. Kompyuta nimeizima, lakini bila taa ya kijani hataki kukaa mezani, na nikiiwasha tu inajaa picha na maandishi, anageuza uso. Jana alisema, "Wamemfukuza, na sikumuaga."

Sijui la kufanya. Natamani ungekuwa umenikataza.

Mdogo wako

30 Septemba

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Natumaini unalala. Usijilaumu, niliamuru mimi. Na ni kweli nilipunga mpaka bega likauma. Nilirudi kitandani nikasema: leo Mama amenipa muda mrefu kuliko siku zote.

Nimekwenda kwa Miwani. Nikamwandikia kwamba nataka kompyuta iwake, taa ya kijani iwepo, feni izunguke, na isionyeshe chochote. Alivua miwani yote miwili akanitazama. Anasema katika kazi yake hajaombwa hivyo, lakini ni rahisi.

Zima, chomoa umeme, uitoe kadi niliyotuma. Usirudishe ya zamani. Hapo pakae wazi. Ukiwasha italia, na Mama hatasikia. Skrini iache na umeme wake. Kioo kifute kwa kitambaa kikavu, taratibu, kisibaki alama za vidole, kwa sababu alama zitakuwa usoni mwangu. Pazia la dirisha lililo nyuma ya kiti chake lifunge mchana kutwa. Taa ya meza iweke mbele yake, upande, imulike yeye na si skrini. Ikikaa nyuma yake nitakuwa sina macho. Kiti kisogeze mpaka magoti yake yaguse meza, ili nienee kwenye kioo chote.

Jaribu kwanza wewe mwenyewe kukaa hapo kabla hujamleta. Ukiona uso vizuri, mlete.

Akilalamika kwamba nilipotea, mwandikie ubaoni kwamba nilikuwa safarini na nimerudi. Akiniuliza kama nimekula, usimjibu wewe. Mwache anitazame.

Kaka yako