Nilichokishika tumboni mwa shemeji

Jumatano, kesho Idi ya kuchinja. Mvua inanyesha tangu alfajiri na mto umejaa hadi kwenye vibanda vya wavuvi.

Juzi mchana wapagazi wa pembe za ndovu walimleta Lusangi, kaka wa mke wangu, kwenye machela. Alimlenga nyati kwa gobori, akamkosa. Nyati akamgeukia na kumpasua tumbo. Utumbo ulikuwa nje, wamemfunika kwa jani la mgomba.

Watu wote wakanitazama mimi, kwa kuwa ndimi ninayewachinjia Waislamu wa hapa Kindu. Zuhura, mke wangu, hakulia. Alinishika kanzu, akaniambia, "Rudisha ndani. Wewe njo unajua kila kitu mahali yake."

Kweli najua. Ini hapa, bandama pale, nyongo usiiguse isije ikapasuka. Lakini kazi yangu ni kutoa.

Kurudisha sijawahi.

Nikauosha utumbo kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, na hapo nikapigwa na butwaa. Ulikuwa unatembea. Ulijikunja polepole kiganjani mwangu, ukisukuma chakula chake cha asubuhi, ukiendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna lililotokea. Wa mbuzi nimeuona ukicheza hivyo mara nyingi baada ya kuchinja, nikidhani ni roho inamalizikia kutoka. Kumbe ulikuwa kazini.

Niliusukuma ndani, nikashona kwa sindano ya mahema huku wanaume wamemshikilia. Tangu hapo Lusangi alilala tu, nami nikakesha kando yake. Je, nimeupinda mahali? Akifa, Zuhura atanitazamaje?

Leo adhuhuri Lusangi amefumbua macho na kusema ana njaa. Nikaweka sikio tumboni pake. Ukanguruma. Nililia mbele ya wakwe zangu wote, bila haya.

Kisha akanong'ona, "Shemeji, nasikia mukono yako ingali ndani."

Mimi pia nasikia hivyo hivyo.

Kesho baada ya sala wataniletea mbuzi wao, mmoja baada ya mwingine. Bismillahi nitaitamka, na kisu nitakishika. Lakini utumbo ukianza kutembea mbele yangu, nitaweza kuutupa kapuni bila kusubiri kwanza utulie?