Goti Langu na Salamu ya Mama Mkwe

Pasiansi, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimekuachia? Na migomba, imesimama baada ya upepo ule? Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu, ila mimi nimechoka.

Ulisema kwa simu kwamba goti langu limeingiwa na baridi ya ziwa. Niwie radhi nikurekebishe. Ugonjwa huu ni uvimbe wa viungo unaozuka baada ya maambukizi yaliyotokea kwingine mwilini, aghalabu tumboni, kama mimi niliyeharisha, au katika njia ya mkojo. Vijidudu havikui ndani ya kiungo. Ni kinga ya mwili, iliyokwisha kuamshwa, inayoendeleza vita mahali ambapo adui hayupo. Daktari alivuta maji ya goti kwa sindano, yakapimwa maabara, hakikuonekana kijidudu chochote. Amenipa dawa za kupunguza uvimbe na mazoezi. Wengi hupona baada ya miezi kadhaa, wachache hurudiwa.

Hayo ningeyavumilia. Lakini mama mkwe alikuja kutoka Nansio wakati goti halikunjiki kabisa. Nilimwamkia nimesimama, nimeshikilia kiti. Hakuitikia. Alimgeukia mume wangu.

“Kumbe siku hizi magoti nayo yanakwenda chuo? Yakihitimu hayainami tena?”

Unajua kwamba kwao, kama kwetu, mke wa mwana humwamkia mama mkwe kwa kupiga magoti. Unajua pia kwamba habari za kuharisha hazitajwi mbele ya mkwe. Basi nilinyamaza, na kimya changu kikahesabiwa kiburi. Mume wangu alipotaka kunitetea, aliharibu zaidi.

“Mama, ni tumbo lililomshika baada ya chakula cha msibani Mkuyuni. Ndilo limeishia gotini.”

“Tumbo na goti vimejuana wapi, wewe? Na si mlikula wote? Hebu lete na goti lako nilione!”

Hata mimi nilikaribia kucheka. Yeye hakucheka.

Hata hivyo, swali lake lilikuwa la msingi. Tulioharisha tulikuwa wengi. Aliyevimba ni mimi peke yangu. Nilimuuliza daktari. Alisema baadhi ya watu hurithi asili ya mwili inayowaelekeza huko, lakini wengi wenye asili hiyo hawaugui kamwe, na wengine huugua bila kuwa nayo. Jibu hilo ni la kweli, ila kwa mama mkwe halina kazi, kwa sababu halimwambii kama ninamdharau.

Aliondoka na meli ya asubuhi bila kuonja nilichopika. Mwezi ujao ukoo utakutana Nansio kuhitimisha matanga ya baba mkwe, na wake wote wa ukoo watapiga magoti mbele ya mama mkwe, mmoja baada ya mwingine. Daktari amenikataza kulikunja goti kwa nguvu. Mume wangu anataka nibaki. Wifi anasema nikibaki nitakuwa nimethibitisha yaliyosemwa. Nimeamua kwenda.

Nisalimie baba mdogo anayekutunzia kahawa, na shangazi aliyenifundisha kuamkia watu. Mwambie sijasahau.

Nitakapofika mbele ya mama mkwe nitainamisha kichwa, maana ndicho kinachoinama. Wewe uliyepigiwa magoti na wake wote wa wanao, nijibu bila kunihurumia: angesimama mmoja wao mbele yako akatamka kwa mdomo tu kwamba anakuheshimu, ungemwamini?

Binti yako,
Koku